Pikipiki ya injeksheni inasita: itafute hitilafu kabla hujanunua spea

Ukitoka Uyole, hapa Mbeya, kwenda Tukuyu, barabara inapanda mpaka Isongole kabla haijaanza kushuka. Kwenye ule mpando ndipo pikipiki yangu ilipoanza vituko. Gia ya tatu, moto (mkono wa mafuta) nusu, injini inavuta vizuri, mara inameza mate kama mtu aliyetaka kusema neno akalirudisha, halafu inaendelea. Sekunde moja, pengine haifiki. Nyuma yako kuna Fuso limejaa viazi na dereva wake hana habari na sekunde yako.

Wiki ya pili nikaagiza pampu ya mafuta ya mtumba kutoka Dar. Ikaja kwa basi, nikaifunga, na pikipiki ikaendelea kusita vilevile. Pampu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, ninayo kabatini mpaka leo. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu, na ndio ninaouandika hapa.

Ninazungumzia pikipiki za injeksheni (mafuta yanapimwa na kompyuta, si kabureta) zenye umri, za miaka ya 2000 hadi 2012 hivi, ambazo zimeshapita mikono mitatu minne na hazina tundu la kisasa la kuchomeka simu ili isome makosa ya kompyuta. Yangu ni ya Kijapani, silinda mbili za V, cc 650. Kama unaendesha ya kabureta, ambazo ndizo nyingi vijiweni, sehemu za cheche na mafuta zitakufaa, ila za sensa ziruke.

Inasita namna gani?

Neno "inasita" kila mtu analitumia kwa maana yake, na fundi ukimwambia hivyo tu atajaza mwenyewe anachokijua. Mimi ninatenganisha dalili nne.

Kusita kwenyewe ni pale unapovuta moto na kunakuwa na pengo kabla injini haijaitika. Mara nyingi hapo mchanganyiko umekuwa mwepesi kwa muda mfupi: hewa imeingia, mafuta yamechelewa au ni pungufu. Shaka ya kwanza iende kwenye sensa ya throtoli (inayoiambia kompyuta umevuta moto kiasi gani), hewa inayoingia kwa wizi, na presha ya mafuta.

Kumisi ni kukosekana kwa mlipuko mmoja mmoja. Unausikia kwenye eksozi na unausikia kwenye makalio. Hiyo mara nyingi ni cheche.

Kusukasuka ni pale unapoushika moto palepale, mwendo wa 60 kwenye tambarare, na pikipiki inavuta na kuachia, inavuta na kuachia. Throtoli zisizolingana hufanya hivyo, sensa ya throtoli iliyolika mahali pamoja hufanya hivyo, na mnyororo wenye viungo vilivyokakamaa hufanya hivyo pia. Nimeona mtu akifungua tenki wakati shida ni mnyororo. Zungusha tairi la nyuma kwa mkono kwanza.

Kukata ni kama kuzima swichi na kuwasha: kila kitu kinapotea ghafla, kinarudi ghafla. Tazama mshale wa mizunguko wakati inapotokea. Mshale ukidondoka kwenye sifuri ilhali tairi bado linaizungusha injini, tafuta kwenye umeme: swichi ya ufunguo, rilei, fyuzi iliyolegea, sensa ya kranki, au swichi ya stendi ya pembeni. Hiyo ya stendi imewasumbua watu wengi kwa sababu imekaa chini kabisa, inapigwa matope, na kazi yake ni kuizima injini ikidhani stendi iko chini. Ioshe, isukume kwa kidole mara kumi injini ikiwa inaunguruma na gia imeingia, kluchi umeishika. Ikizima ilhali stendi umeikunja, umeshapata jibu.

Daftari kwanza, spana baadaye

Chukua daftari la shule. Kila inaposita andika mambo haya: mizunguko ya injini, gia, umeshika moto kiasi gani, injini ya baridi au imeshika joto, tenki lina mafuta kiasi gani, jua au mvua, na mahali. Usiache mahali, kwa sababu huku kwetu mahali ni urefu wa mlima.

Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi: "Jumanne. Kiwira kwenda Isongole. Gia 3, mizunguko 4,000, moto nusu. Imeshika joto. Tenki nusu. Manyunyu. Imesita mara nne." Ukurasa uliofuata: "Alhamisi. Palepale. Jua. Haikusita." Kurasa hizo mbili zilikuwa na jibu lote, lakini nilikuwa nimeziandika bila kuzisoma. Macho yangu yalikuwa kwenye pampu.

Andika kwa siku nne au tano kabla hujagusa kitu. Na ukianza kugusa, badilisha kitu kimoja kisha ukajaribu njia ileile. Ukibadilisha plagi, filta na mafuta siku moja, ikipona hujui kilichoiponya, na ikirudi unaanza upya.

Mlima unachukua nguvu, hausababishi kusita

Kuna usemi vijiweni kwamba "hewa ya Mbeya nyepesi ndiyo inasumbua". Una ukweli nusu. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na presha ya hewa ni kama kilopaskali 82 badala ya 101 za pwani. Yaani karibu moja ya tano ya hewa haipo. Ukishuka Kyela, kwenye mita 500, unarudi kwenye 95 hivi. Ukipanda Kitulo, mita 2,600 na zaidi, unabaki na 74 hivi. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza nguvu kwa kiwango hichohicho, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga mafuta yaleyale, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinapata masizi. Injeksheni inajua, kwa sababu ina sensa ya presha inayoiambia kompyuta hewa ikoje, nayo inapunguza mafuta. Kwa hiyo pikipiki ya injeksheni iliyo nzima itachoka ukiwa Kitulo, lakini haitasita. Ikisita, kuna kitu.

Na kama inasita zaidi kadiri unavyopanda, huku plagi zikitoka nyeusi kama sufuria la msibani, angalia hiyo sensa ya presha na kimpira chake chembamba. Sensa ikifa, kompyuta nyingi hushika kadirio la kiwandani, na mara nyingi kadirio hilo ni presha ya usawa wa bahari. Pikipiki inakula mafuta ikidhani iko Kigamboni.

Betri, kwa dakika tano

Watu hulipita hili kwa sababu pikipiki "inawaka vizuri". Injekta, ile inayonyunyiza mafuta, ni sumaku ndogo inayofungua kwa umeme. Umeme ukipungua inachelewa kufungua, na pampu nayo inazunguka kivivu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa kali, betri chovu hujionyesha.

Weka mita kwenye betri injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa: volti 12.6 au zaidi ni nzuri, chini ya 12.3 ichaji kwanza. Washa, pandisha mizunguko hadi 5,000: itoe kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, tatizo lako ni chaja au regyuleta (kidhibiti cha volti), na mwongozo huu unaishia hapo kwako. Kisha fungua waya wa athi unaoshika kwenye injini au fremu, piga brashi ya chuma mpaka ung'ae, paka grisi kidogo, funga. Nimeona athi yenye kutu ikiwapeleka watu gereji tatu.

Hewa: inayopita mlangoni na inayopita dirishani

Filta ya hewa haihitaji maneno mengi. Vumbi la Usangu na la barabara za machimbo kule Chunya linaziba filta haraka kuliko kitabu kinavyosema. Ya karatasi usiioshe kwa petroli, badilisha. Ya sponji ioshe, ikaushe, tia oili kidogo. Oili nyingi nayo huziba. Fungua pia boksi lenyewe ulitazame. Pikipiki iliyokaa stoo msimu mmoja karibu na gunia la mahindi inaweza kuwa na kiota cha panya ndani, na sisemi hivyo kwa utani.

Kazi yenyewe ni hewa ya wizi, inayoingia baada ya filta bila sensa kuijua. Inapita kwenye mipira inayoshika throtoli na injini, iliyokauka na kupasuka kwa umri, na kwenye vile vimpira vyembamba vya vakyumu (mnyonyo wa injini). Vikunje kwa vidole. Ufa wa mpira hauonekani mpaka uukunje. Vifuniko vya plastiki vinavyoziba matundu ya kupimia vakyumu huanguka vyenyewe, navyo vikaguliwe.

Fundi wengi hupima kwa kupuliza dawa ya kopo ya kusafishia kabureta kwenye maungio injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kuvutwa moto), wanasikiliza kama mizunguko itabadilika. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inashika moto na injini ni ya moto. Mimi natumia chupa ya kunyunyizia yenye maji na sabuni kidogo. Maji yakinyonywa kwenye ufa, sailensi inabadilika kwa muda mfupi, au unasikia sauti ya kunyonya ikinyamaza. Nyunyiza kidogo kidogo, ungio moja baada ya jingine, na usiloweshe konekta. Isikilize kwa sikio, usitegemee mshale peke yake.

Mafuta

Anza na kilicho rahisi kuliko vyote: mfuniko wa tenki. Una kijitundu cha kupumulia. Kikiziba kwa matope, pampu inanyonya, tenki linavutika, na baada ya kilomita 20 au 30 injini inaanza kusita, hasa ikipanda. Ikianza, simama pembeni, fungua mfuniko. Ukisikia "fyooo" ya hewa ikiingia na pikipiki ikapona kwa kilomita nyingine 20, umemaliza kazi. Safisha kijitundu kwa waya mwembamba.

Cha pili ni mafuta yenyewe. Huku vijijini tunanunua petroli ya chupa, na chupa haina historia. Chota nusu lita kutoka chini ya tenki, weka kwenye chupa safi ya kioo, iache usiku kucha. Maji hukaa chini na mstari wake unaonekana asubuhi. Dondosha pia tone kwenye karatasi nyeupe: petroli inakauka na kuondoka yote, iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha doa la mafuta.

Sasa pampu. Fungua ufunguo bila kupiga stata. Utaisikia ikilia "zzzz" kwa sekunde mbili tatu kisha inanyamaza. Hiyo sauti inakuambia tu kwamba inazunguka. Haikuambii inasukuma kiasi gani. Hapa ndipo nilipokosea mimi kwa upande wa pili: nilisikia sauti ya mkwaruzo nikaihukumu pampu kwa sikio. Dawa yake ni geji ya presha. Mashine nyingi za aina hii zinataka karibu psi 43, lakini zipo zinazotaka zaidi, kwa hiyo tafuta namba ya modeli yako. Kabla hujafungua mpira wa mafuta, chomoa konekta ya pampu, acha injini iwake mpaka ijizime, ndipo ufungue ukiwa na kitambaa mkononi. Uwe nje, mbali na jiko, na simu na sigara zikae kwa jirani.

Geji ikiwa imefungwa, usipime injini ikiwa sailensi tu. Funga geji kwa kamba salama uweze kuiona, panda mlima. Presha ikisimama wima wakati injini inasita, mafuta hayana hatia. Ikiporomoka, ama filta ndani ya tenki imeziba, ama pampu imechoka, ama haipati umeme wa kutosha. Pima volti kwenye konekta ya pampu injini ikiwaka: isipungue zaidi ya volti moja kuliko za betri. Ikipungua, safisha rilei na konekta kabla hujaagiza chochote Dar.

Kama inasita tenki likiwa karibu kuisha na mlima ukiwa mkali, ujue pampu inameza hewa. Jaza mafuta.

Cheche, na tundu ambalo hakuna aliyelitazama

Baada ya pampu kunishinda nilienda Mwanjelwa, Mbeya mjini, kwa fundi mmoja mtu mzima, anayetengeneza pikipiki tangu sisi hatujui kuendesha baiskeli.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Inafanyaje?"

"Inasita nikipanda."

"Nikipanda si wakati, ni mahali. Jua au mvua?"

Nikatoa daftari. Akalishika mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akapitisha kidole kwenye mistari. Manyunyu. Mvua. Jua, haikusita. Mvua. Akalifunga akanirudishia, akachuchumaa mbele ya tairi la mbele.

Injini ya V kama yangu ina silinda moja inayotazama mbele, na plagi yake imekaa kwenye shimo nyuma ya rejeta, palepale tairi linaporusha maji. Chini ya shimo hilo kiwandani huwa wametoboa kitundu cha kutolea maji, kinatokea ubavuni mwa silinda. Alipovuta kofia ya plagi ilitoka kwa sauti ya kunyonya, na ndani kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Plagi ilikuwa imesimama ndani yake mpaka kiunoni. Mpira wa kofia ulikuwa na kijistari cheusi, chembamba kama unywele, kutoka ndani mpaka ukingoni. "Umeme umepita hapa," akasema. "Umeona njia fupi ya kwenda athi, kwa nini uruke gepu la plagi?"

Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Udongo wake wa volkano ukilowa unanata, ukikauka unakuwa saruji. Kitundu kilikuwa kimeziba kabisa. Akachomoa uzi mmoja wa waya wa kluchi uliokatika, akaupenyeza, akauzungusha taratibu, na maji yakatiririka kando ya injini mpaka kwenye kiatu chake.

Kwa hiyo, hatua za cheche ni hizi.

Kabla hujafungua plagi yoyote, vuta kofia, tazama shimoni kwa tochi, nyonya maji kwa kitambaa, kisha puliza kwa upepo wa kompresa. Usipopuliza, mchanga wote ulio pembeni utaanguka ndani ya silinda siku hiyohiyo. Vaa miwani, upepo unarudisha kila kitu usoni.

Toa plagi uzipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri. Nyeusi kavu ni mchanganyiko mzito au cheche hafifu, nyeusi yenye oili ni kazi nyingine kabisa, nyeupe kama chokaa ni mafuta pungufu. Silinda moja ikiwa tofauti na mwenzake, tatizo ni la silinda hiyo. Zote zikifanana kwa ubaya, tafuta kinachozihusu zote. Gepu, ile nafasi kwenye ncha ya plagi, lipime kwa filagauji (vibati vyembamba vya kupimia). Nyingi za Kijapani zinataka milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi bandia zipo nyingi, nunua kwa mtu unayeweza kumrudia.

Kofia zipime kwa mita: nyingi zina ohm 5,000 hivi, zipo za 10,000. Mita ikionyesha haina mwisho, au namba ikirukaruka ukiipinda kofia, itupe.

Kisha subiri usiku. Ipeleke pikipiki mahali penye giza, iwashe, nyunyiza maji kidogo kama ukungu kwenye kofia na waya za plagi. Umeme unaotoroka utauona kwa macho, vimistari vya buluu vinavyotambaa, na utausikia, "tsk, tsk". Usiguse kitu. Volti za plagi ni maelfu kwa maelfu, na mtu aliyelowa maji akizishika hatarudia.

Ukimaliza paka grisi ya silikoni kwenye mdomo wa kofia ndipo uirudishe, na ongeza kipande cha mpira chini ya matgadi ya mbele. Changu nilikikata kwenye matgadi ya lori.

Sensa na kumbukumbu za kompyuta

Kama umefika hapa na bado inasita, sasa ndipo uiulize kompyuta. Watu wengi huanza nayo, nami nadhani ni makosa, kwa sababu kompyuta ya zamani inajua kama waya umekatika, lakini haijui kama kimpira kimepasuka au shimo limejaa maji.

Kila kampuni ina lugha yake. Suzuki za miaka hiyo zina konekta ndogo karibu na kiti. Ukiunganisha waya zake mbili kwa kipande cha waya, dashibodi inaonyesha C00 kama hakuna kosa. C13 ni sensa ya presha ya hewa, C14 ni ya throtoli, C15 ni ya joto la injini, C24 na C25 ni koili, C41 ni pampu. Kwenye C00 kuna kimstari kidogo pembeni: kikikaa katikati sensa ya throtoli imekaa sawa, kikiwa juu au chini imehama.

Honda hupepesa taa ya injini: mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Saba mifupi ni joto la injini, nane ni throtoli, mmoja ni presha ya hewa. Yamaha hutoa namba, na 13 ni presha, 15 ni throtoli, 21 ni joto la maji. Hakikisha na kitabu cha modeli yako, yanabadilika kidogo.

Sensa ya throtoli huharibika bila kuweka kosa lolote. Ndani yake kuna njia ya kaboni na kikono kinachotelezea juu yake, na mahali unapoendeshea kila siku, moto robo hadi nusu, ndipo panapolika. Chomeka sindano nyembamba nyuma ya konekta kwenye waya wa ishara, ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imezimwa. Moto ukifungwa utaona volti moja hivi, ukifunguliwa wote nne na kitu. Zungusha moto polepole sana, kama unamimina asali. Volti zipande bila kuruka. Zikishuka ghafla na kurudi mahali fulani, hapo ndipo inaposita. Kwa kipimo hiki mita ya zamani ya mshale ni bora kuliko ya namba. Mshale unaonyesha mruko ambao namba zinauficha.

Sensa ya joto ikiidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi, mafuta yatazidi. Itoe, izamishe ncha yake kwenye sufuria la maji pamoja na kipimajoto, pima ohm kadiri maji yanavyopata moto. Nyingi za Kijapani huwa na ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 300 na kitu kwenye nyuzi 80. Angalizo la huku kwetu: Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Usilinganishe maji yanayochemka na mstari wa 100 wa kitabu ukadhani sensa ni mbovu.

Sensa ya presha ina kipimo kizuri ambacho watu wa pwani hawana. Pima volti zake ufunguo ukiwa wazi, injini imezimwa, ukiwa Uyole. Andika. Ukishuka Kyela pima tena. Zisipopanda, sensa imelala.

Yaliyobaki, kwa haraka

Throtoli zenye masizi zisafishe kwa kitambaa na dawa, ukifungua kipepeo kwa mkono taratibu. Skrubu yenye rangi au lakiri ya kiwandani usiiguse kabisa. Ni ya kiwandani na ibaki hivyo. Kama zipo mbili, zilinganishe kwa geji za vakyumu, au kwa mpira mmoja mrefu unaoonyesha ndani, wenye oili kidogo katikati: oili ikivutwa upande mmoja, upande huo unanyonya zaidi. Zima haraka ikikaribia kumezwa.

Injekta ni za mwisho kwangu. Zikiwa chafu kweli, peleka kwa wenye mashine ya kuzisafisha na kupima mnyunyizo, na badilisha oringi zake. Dawa ya kumwaga kwenye tenki sina ugomvi nayo, sina imani nayo pia.

Valvu zilizobana husababisha kusita injini ikishika joto na kuwaka kwa taabu. Kama hazijapimwa kwa zaidi ya kilomita 24,000, zipime injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi, kabla haijawashwa.

Ukidhani imepona, usirudishe vifaa stoo. Rudi kwenye barabara ileile, gia ileile, moto uleule, mara moja kwenye jua na mara moja kwenye mvua. Yangu niliijaribu siku ambayo ukungu ulikuwa umeifunika Isongole na mama muuza viazi amejifunika nailoni mpaka usoni. Nilipita gia ya tatu, mizunguko 4,000, matope yakipiga kile kipande cha mpira wa lori. Kwenye daftari niliandika tarehe, "mvua kubwa", na alama ya vema.